Shangazi Aliyegoma Kupaka Sabuni

Ti.

Saa kumi na moja alfajiri chumba bado ni giza, na mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya jiko la mafuta ya taa, njiti ya kiberiti mkononi. Hajaiwasha. Amesikia kitu.

Ti.

Anadhani ni ndoo ya maji iliyo karibu na mlango, ile yenye ufa kwenye kitako. Ananyoosha mkono, anapapasa chini yake. Pakavu. Anabana pumzi na kusubiri. Nyuma ya pazia, binti yake wa miaka sita anajigeuza, kitanda kinalia kidogo, kisha kimya.

Ti.

Sauti inatoka kwenye pikipiki. Imelala humo humo ndani, kati ya kabati la vyombo na kitanda, kama inavyolala kila siku, kwa sababu ikilala nje itaamkia mikononi mwa watu wengine. Mwanamke anatambaa mpaka hapo. Mkono wake unakuta kiatu cha shule cha mtoto. Anakiinua akisogeze pembeni, na ndani ya kiatu kuna kitu kinachezacheza. Analowesha kidole, anakileta puani.

Petroli.

"Nikairudisha ile njiti kwenye kiberiti polepole, utadhani ingejiwasha yenyewe kwa hasira," anasema. "Nikafungua mlango, nikaisukuma pikipiki nje, nikarudi nikakaa kizingitini. Siku hiyo hatukunywa chai."

Watu humuuliza mbona harufu haikumwamsha. Yeye hucheka. "Harufu ya petroli ndiyo harufu ya nyumba yetu. Nguo zinanukia petroli, mto unanukia petroli, hata daftari la mtoto. Pua ilishajizoelea zamani. Kilichotuokoa ni sikio."

Ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Mwanamke huyo ni dereva wa bodaboda, na kuanzia abiria mpaka askari wa barabarani wanamwita Shangazi. Jina alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Alimpeleka shule mvulana aliyechelewa, mlinzi akakataa kufungua geti mpaka aje mzazi. Mvulana hakupepesa jicho. "Huyu ni shangazi yangu," alisema, "nilikuwa namuuguza." Geti likafunguliwa. Jina likabaki.

Kabla ya hapo alikuwa akifua nguo za watu, nyumba hadi nyumba. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyemfundisha kuendesha, Jumapili mchana, kwenye uwanja wa shule, akimkimbilia nyuma na kumpigia kelele kana kwamba anafukuza mbuzi. Baba wa binti yake yuko mbali kikazi. "Ni kama mtandao," anasema Shangazi. "Mara yupo, mara hayupo. Mimi siwezi kupika kwa mara."

Pikipiki aliinunua kwa mzee mmoja, fundi cherehani, aliyeitumia kupelekea wateja nguo zao mpaka magoti yakakataa. Wanunuzi walikuwa wengi. Mzee akamchagua yeye. "Nilimwona anavyokata kona," anasema mzee huyo, sindano mdomoni. "Huyu hana haraka ya kufa."

Ni mzee huyo huyo aliyempigia simu majuma mawili kabla ya asubuhi ya kiatu.

"Mwanangu, ile pikipiki bado unayo?"

"Ninayo, baba. Kwani unaitaka tena?"

"Niitake kwa miguu ipi? Sikiliza. Nimeletewa ujumbe. Walioiunda wanasema irudi."

Kampuni iliyounda pikipiki hizo ilikuwa imetoa wito kwamba zote za toleo lile, nyekundu, zenye tangi lililonyanyuka mbele kama nundu, zirudishwe kwa wakala. Koki ya mafuta, kile kifaa kidogo chini ya tangi kinachofungulia na kuzuia petroli, ilitengenezwa kwa plastiki isiyostahimili joto. Ikikaa muda, shingo yake hupasuka, na petroli hudondokea kwenye injini. Koki mpya ingefungwa bure. Ujumbe ulitumwa kwa simu za wanunuzi wa kwanza, na wengi wao walikuwa wameshaziuza pikipiki na kuzisahau.

Mzee hakusahau. Alimsomea Shangazi ujumbe wote, neno kwa neno, kama anayesoma vipimo vya suti. Usiiendeshe ikiwa inavuja. Usiilaze ndani ya nyumba. Usiwashe moto karibu nayo.

"Sasa hapo," anasema Shangazi, "mimi nilikuwa nimevunja yote matatu, na bado ilikuwa asubuhi."

Kwa nini basi hakwenda siku hiyo hiyo? Jibu liko kituoni kwao, pembeni ya karakana ya seremala, ambako madereva kumi na wawili huegesha pikipiki zao chini ya paa la mabati yaliyotoboka. Nane kati ya hizo ni nyekundu zenye nundu. Na zote nane zilikuwa zikivuja.

Hakuna aliyeona ni tatizo, kwa sababu dawa ilikuwapo. Unachukua sabuni ya mche, ile ya kufulia. Unakata kipande kidogo kama punje ya hindi. Unakikanda kwa vidole mpaka kinakuwa laini, unakibana kwenye ufa, unasubiri kikauke. Petroli haiyeyushi sabuni. Kinashika juma zima, pengine mawili. Kikidondoka unabandika kingine.

"Hilo ni jambo la kwanza unalofundishwa hapa, kabla hata ya kujua bei ya safari," anasema mwenyekiti wa kituo, mwanamume mrefu anayeitwa Waziri kwa sababu mbili: anavaa miwani, na anaahidi sana. "Mimi mwenyewe nimefundisha nusu ya hawa. Nilikuwa najivunia, usinione hivi."

Nyumbani kwa Shangazi sabuni ilikuwa ikiisha haraka kuliko nguo zilivyochafuka. Binti yake aligundua kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto huyo kwa majina ya mtaani ni Redio, maana akiamka amewashwa na hazimwi mpaka alale. "Mama," alisema siku moja akiwa ameushika mche juu kama ushahidi, "kuna mtu anang'ata sabuni yetu."

Shangazi alipowaeleza wenzake habari ya wito wa kampuni, kituo kizima kiligeuka kuwa bunge.

"Wakiipokea hairudi hiyo," alisema mmoja.

"Itarudi na deni," alisema mwingine.

Waziri alikunja mikono. "Shangazi, hebu fikiri. Wataifungua, watakuta sabuni. Watasema, nani kakwambia uiguse? Kazi yetu tuliifanya vizuri, wewe umeiharibu. Hapo umepoteza koki na pikipiki. Tulia. Paka sabuni, kula maisha."

Shangazi alitulia. Alipaka sabuni. Siku moja bila pikipiki kwake ni abiria kumi na watano hadi ishirini wanaobebwa na mtu mwingine, na jioni sufuria haiulizi sababu. Kwa majuma mawili simu ya mzee cherehani ilikuwa ikiita, naye akiitazama tu mpaka inyamaze.

Halafu sabuni ikakauka, ikadondoka usiku, na petroli ikaanza kuingia kwenye kiatu.

Asubuhi ile alifika kituoni kwa miguu, kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Hakusalimia. Alimpelekea Waziri kile kiatu puani.

"Nusa."

"Shangazi, asubuhi yote hii?"

"Nusa, kaka yangu."

Waziri akanusa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ana watoto watatu, na pikipiki yake nayo hulala ndani, miguuni mwa kitanda chao.

"Naenda kwa wakala," alisema Shangazi. "Kesho kutwa, Jumamosi. Anayekuja aje."

Walibishana mpaka jua likawaka. Mwishowe Waziri akainua mkono. "Sawa. Tutakwenda wote. Lakini tutakwenda kwa heshima."

Heshima hiyo ndiyo iliyokaribia kuharibu kila kitu.

Lakini kwanza pikipiki ilipaswa kulala mahali. Ndani haikuwezekana tena. Shangazi aliifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, barazani, akafunga kamba kwenye usukani, akaipitisha dirishani, na ncha ya pili akajifunga kifundo cha mguu. Usiku wa kwanza paka wa jirani aliruka juu ya kiti. Kamba ikavuta. Shangazi akatoka nje mbio na mwiko wa ugali, kanga moja, mguu mmoja bado umefungwa, akaanguka kifudifudi barazani mbele ya jirani yake mwanamke.

"Jirani akaniuliza, 'Umekamatwa au umekamata?'" anasimulia, akijifuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia, mama, hata mimi sijui."

Ijumaa jioni wenzake walijiandaa. Walikusanyika kisimani na ndoo na matambara, wakaziosha pikipiki mpaka zikang'aa kama zimetoka dukani. Wakapaka viti mafuta. Wakasugua vioo. Na kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuonekana mchafu ugenini, kila mmoja akabandika kipande kipya cha sabuni kwenye koki, kikubwa kuliko cha kawaida, akakilainisha kwa kidole mpaka ufa usionekane kabisa.

"Huwezi kwenda kwa wenyewe na pikipiki inayojikojolea," anaeleza Waziri. Anakuna kichwa. "Ndivyo tulivyofikiri. Tulikwenda hospitali tumeupamba ugonjwa."

Walimpa Shangazi kipande chake. Alikikataa.

"Unatutia aibu," walimwambia.

"Aibu nitaibeba mwenyewe. Inakwenda kama inavyolala na mwanangu."

Akachukua bisibisi, akakwangua sabuni yote ya zamani, chembe kwa chembe, mpaka ufa ukabaki wazi. Petroli ikaanza kudondoka. Alikuwa ameshapunguza tangi, akabakiza kiasi kidogo tu cha kumwonyesha fundi.

Na kwa kuwa ujumbe ulisema isiendeshwe ikivuja, hakuiendesha. Jumamosi asubuhi aliisukuma.

Kutoka kwao hadi gereji ya wakala ni mwendo wa karibu saa mbili kwa mtu asiye na mzigo. Shangazi ni mwembamba, na pikipiki ile ina uzito wa watu wawili waliolala usingizi. Wenzake walimpita mapema, msafara wa pikipiki saba zinazometameta, wakipiga honi.

"Shangazi! Leo nani kambeba nani?"

"Nendeni! Nitawakuta kaburini kwenu!"

"Mpandishe basi mgongoni, apumzike kidogo!"

Wateja wake nao hawakumwacha. Mama muuza mboga alimwita kutoka ng'ambo ya barabara ampeleke sokoni. "Leo gari ni miguu," alimjibu. "Ukitaka, shika nyuma usukume." Mama akashika, akasukuma hadi kwenye kona, akasema mgongo wake haukuumbwa kwa mambo hayo, akarudi.

Redio alitangulia mbele, mbali na pikipiki, kama mama yake alivyomwagiza. Alikuwa amepewa kazi moja tu: kuwaonya watu. Hakuna kazi iliyowahi kumfaa hivyo. Kila aliyekutana naye, mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni, bibi aliyeketi mlangoni, alipewa taarifa kamili.

"Pikipiki yetu inaumwa. Tunaipeleka kwa daktari. Usivute sigara."

Kijana mmoja aliyekuwa akivuta kweli alitazama nyuma ya mtoto, akaona matone yanayofuata gurudumu njia nzima, akaizima sigara yake chini ya kiatu na kuvuka barabara.

Kwenye mlima mdogo kabla ya gereji, Shangazi alisimama. Aliegemea usukani, akaweka paji la uso juu ya tangi.

"Hapo niliwaza kuipaka," anakiri. "Kipande kilikuwa mfukoni, Waziri alikitumbukiza kwa nguvu. Nikawaza, nipake, niiwashe, dakika tano nimefika. Nikamtazama yule mtoto, anamzuia mzee wa watu na fimbo yake, anamhubiria habari za sigara. Nikasema, twende."

Alipofika getini, jua lilikuwa kichwani na wenzake walikuwa wakijiandaa kuondoka.

Walikuwa wameonyesha namba zao, zikakubaliwa. Lakini mzigo wa kwanza wa koki ulikuwa mdogo, na fundi mkuu, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alikuwa na maagizo: zinazovuja zifungwe leo, zisizovuja zisubiri mzigo ujao. Alizikagua moja moja. Alipitisha kidole chini ya koki ya Waziri, akakitazama. Kikavu. Ya pili, kavu. Ya tatu, kavu, tena inanukia vizuri.

"Mmezitunza," aliwasifu. "Hongereni. Rudini mwezi ujao."

"Ningesema nini?" anauliza Waziri. "Mtu amekwambia hongera. Tukatazamana tu, saba sisi, kama wanafunzi waliofaulu mtihani wa kuiba."

Ndipo Shangazi akaingia akisukuma, jasho limemloanisha hadi kiunoni, na pikipiki ikidondosha. Tone la kwanza kwenye sakafu ya saruji lilimfanya fundi mkuu apige kelele ambazo hakuna aliyejua anazo.

"Zima jiko la chai! Leteni mchanga! Wote nyuma!"

Pikipiki ya Shangazi ikaingizwa moja kwa moja. Koki ya zamani ikatolewa, mpya ikafungwa, tangi likajaribiwa. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha maji alicholetewa. Alikuwa amepata alichokifuata. Angeweza kumpakia mtoto wake na kwenda zake.

Nje, wenzake walikuwa wakivaa kofia ngumu. Mmoja alikuwa ameshawasha injini.

Shangazi alimtazama Waziri. Waziri akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Usiseme.

"Nilijua wataniita msaliti," anasema. "Na niliogopa kweli. Je, kama ni kweli wangenyang'anywa? Watu saba, nyumba saba, kwa mdomo wangu. Lakini wale watu walikuwa wanarudi kulala nazo ndani. Na jikoni kuna mtu atashika kiberiti."

Akamgeukia fundi mkuu. Akatoa mfukoni kile kipande cha sabuni, akakiweka kwenye kiganja cha fundi.

"Fundi, mimi yangu nilikuwa naipaka hii. Nimeikwangua jana."

"Sabuni?"

"Ya mche."

"Unapaka sabuni kwenye koki ya petroli." Fundi alikinusa kile kipande. "Na inashika?"

"Inashika juma zima."

Fundi mkuu akatazama kule nje, kwenye ule mstari wa pikipiki zinazong'aa. "Na wale?"

"Mimi nasema yangu," alijibu Shangazi. "Wao wana midomo yao."

Ile injini moja iliendelea kunguruma, kisha ikazimwa. Waziri alikaa juu ya kiti chake kwa muda mrefu, mikono juu ya magoti. Halafu akashuka, akachuchumaa, akachomoa ufunguo, akaanza kukwangua. Vipande vyeupe vikaanguka chini. Tone likafuata.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema bila kuinua uso. "Kama kuna kosa, andika jina langu."

Fundi mkuu alicheka, kicheko chembamba kilichomtoa jasho. "Niandike nini, ndugu yangu? Koki imepasuka kwa sababu ya kiwanda, haikupasuliwa na sabuni yenu. Haki yenu iko pale pale. Mngesema tu! Nilikuwa nawarudisha nyumbani na bomu, na hongera juu."

Mmoja baada ya mwingine, walichuchumaa wakakwangua. Dakika chache baadaye pikipiki saba zilikuwa zikidondosha, zimepangwa uwanjani juu ya mchanga, na koki zilizobaki hazikuwatosha. Tatu zilifungwa siku ile. Nne, ikiwemo ya Waziri, zililazwa hapo hapo gereji kusubiri mzigo ambao fundi aliuagiza kwa simu mbele yao.

Jioni wanne hao walirudi nyumbani kwa miguu, kofia ngumu zikining'inia mikononi. Shangazi alimweka Redio juu ya kiti, akasukuma pikipiki sambamba nao.

"Panda bwana," Waziri alimwambia. "Imeshapona. Unazidi kututia aibu."

"Nimeshaizoea hii kazi. Na nyinyi mmechoka, nani atawapigia hadithi?"

Mzigo ulichukua siku sita kufika. Siku hizo zote Shangazi aliwabeba wateja wa kudumu wa Waziri pamoja na wa wale wengine, na kila alipomshusha mmoja alimwambia maneno yale yale: "Usinizoee. Mwenyewe anarudi." Kwa madereva, kuibiwa mteja ni kidonda kinachokaa muda mrefu. Hakuna aliyeibiwa.

Si kila mtu alifurahi. Dereva mmoja kati ya wale wanne, ambaye siku zile sita zilimwangukia vibaya kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua, hajamwamkia Shangazi hadi leo. "Ananisalimia kwa honi," anasema Shangazi. "Nami namjibu kwa honi. Mtoto wake mzima, nimemwona, ana mashavu. Inatosha."

Koki ya zamani aliiomba kwa fundi, akaifunga kwenye ufunguo wake. Jumapili, akimaliza kanisa na kufua, huzunguka vituo vya jirani, anatafuta zile nyekundu zenye nundu. Hahutubii. Anamwomba dereva apitishe ukucha kwenye ule ufa, kisha anamuuliza pikipiki yake inalala wapi. Baadhi humfukuza. Kituo kimoja walimwambia awaletee na koki ya kichwa chake. Alirudi juma lililofuata. Safari hiyo wawili walimfuata hadi pembeni, mbali na wenzao, wakamuuliza njia ya kwenda kwa wakala.

"Kwa makadirio yangu," anasema fundi mkuu, "nusu ya zilizoletwa hapa tangu siku ile zimeletwa na yule mama. Wakifika, kitu cha kwanza wanasema: 'Fundi, nimekwangua.'"

Lakini Shangazi haridhiki na koki peke yake. "Koki mpya nayo itazeeka," anasema. "Pikipiki haikuumbwa ilale na watoto. Sisi tumeizoea kama tulivyoizoea harufu."

Mpango wake uko nyuma ya kituo, kwenye kipande cha ardhi alichowapa seremala kwa sharti kwamba wamlindie na mbao zake. Ni msingi wa banda. Kila dereva huleta tofali moja kila Jumamosi, kwenye kiti cha nyuma, limefungwa kwa mpira kama abiria. Ukuta sasa umefika magotini. Banda litakuwa na mlango wa chuma, kufuli mbili, na zamu za kulinda. Waziri ameahidi mabati, na safari hii, wenzake wanashangaa, ameyaleta. Yule asiyeamkia huleta tofali lake naye. Huliweka, hupiga honi, huondoka.

"Mvua zikianza tuwe tumeezeka," anasema Shangazi. "Nataka chumba changu kiwe na kitanda, kabati na mtoto. Basi."

Mpaka siku hiyo ifike, pikipiki iliyopona inalala tena ndani kwa kuogopa wezi, na kila alfajiri ana utaratibu wake. Leo vilevile. Saa kumi na moja, giza. Anaamka, anafungua mlango wazi kabisa, anaisukuma pikipiki hadi barazani, anaifunga mnyororo. Anaacha upepo uingie. Anakusanya viatu vya mtoto, anavikung'uta kimoja kimoja, anavinusa. Kisha anapiga magoti mbele ya jiko, anatoa njiti, na kungoja.

Nyuma ya pazia Redio ameketi kitandani. Hiyo ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo mtoto huyo hunyamaza. Ameinamisha kichwa upande mmoja, macho ameyafumba, anasikiliza. Ndoo. Upepo kwenye pazia. Jogoo wa mbali. Anasikiliza tena, maana mama yake amemwambia mara moja haitoshi.

Shangazi hageuki. Njiti iko mkononi.

"Mama, washa kiberiti."